Mwanafunzi alikuja na ubao, kijana akamkuta majini

UKIMTAJIA shabiki wa soka nchi ya Liberia, jina litakalomtoka mdomoni linajulikana. George Weah. Mwafrika pekee aliyewahi kubeba Ballon d'Or, mwaka 1995. Bao lake dhidi ya Verona pale San Siro Septemba 1996, aliponyanyua mpira kwenye boksi lake na kukimbia nao uwanja mzima hadi nyavuni, bado linazunguka kwenye simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile.

Sasa toka Monrovia, shika njia ya kaskazini magharibi kuelekea mpaka wa Sierra Leone. Safari ni kilomita mia moja na ushee. Kwa miaka mingi kipande chake cha mwisho kilikuwa vumbi jekundu, na mvua ikinyesha kinageuka tope la kulaza magari. Mwisho wa njia hiyo kuna mji mdogo wa wavuvi unaoitwa Robertsport, umebanwa kati ya Bahari ya Atlantiki, ziwa Piso na vilima vya rasi ya Cape Mount. Umepewa jina la Joseph Jenkins Roberts, rais wa kwanza wa Liberia.

Mpira upo kule kama kila mahali Afrika. Maji yakipwa, mchanga unakuwa uwanja na vijiti viwili vinakuwa goli. Ila Robertsport ina mchezo mwingine ambao miji mingi ya Afrika Magharibi haina. Vijana wake wanasimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi la bahari. Na dunia ilikuja kuujua mji huo kupitia wanafunzi wa chuo kikuu.

MWANAFUNZI KATIKATI YA MAJIVU

Nicholai Lidow alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kilichompeleka Liberia hakikuwa likizo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita viwili mfululizo. Cha kwanza kilianza mkesha wa Krismasi 1989, Charles Taylor alipoingia na waasi wake. Cha pili kilimalizika Agosti 2003, siku Taylor huyohuyo, akiwa sasa rais, alipopanda ndege kwenda uhamishoni Nigeria. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni watu 250,000, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni tatu na kidogo.

Kaunti ya Grand Cape Mount, ambako ndiko Robertsport iliko, ilipitiwa na waasi wa LURD wakiwa njiani kuelekea Monrovia. Baada ya vita, watu zaidi ya 100,000 walijiandikisha kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusalimisha silaha. Wengine walikuwa watoto.

Ni hao waliomshughulisha Lidow. Swali lake, ambalo baadaye lilizaa kitabu chake cha 2016 kiitwacho Violent Order, lilikuwa kwa nini kikundi kimoja cha waasi kinawalinda raia na kingine kinawapora na kuwaua, wakati wote wametoka kwenye nchi ileile na vita ileile. Ukiwa na swali la namna hiyo huwezi kulijibu ukiwa maktaba. Lazima ukae na waliobeba bunduki, na waliokuwa wanazikimbia.

Lakini kijana wa California ni kijana wa California. Ukimpa ramani ya pwani, macho yake yataanza kutafuta rasi. Ramani ya Liberia inaonyesha wazi kwamba pale Cape Mount nchi kavu inachomoza baharini na kukata kona. Anayejua mawimbi akiona kona ile, mate yanamtoka kama winga aliyeona beki wa pembeni amepanda na hajarudi.

Miaka michache tu baada ya bunduki kunyamaza, yeye na mwenzake wa Stanford, Britton Caillouette, walikwenda huko na wateleza mawimbi kadhaa, akiwemo Dan Malloy wa California. Walibeba mbao na kamera. Filamu waliyotoka nayo waliiita Sliding Liberia.

KUKAA ROBERTSPORT

Wakati huo Robertsport haikuwa sehemu ya kwenda kutalii. Hoteli ya zamani ilikuwa gofu, nyaya za umeme hazikuwa na umeme, na majengo mengi yalikuwa yamebaki kuta na matundu ya risasi. Mgeni alilala kwenye hema chini ya misufi mikubwa iliyo kando ya ufukwe, miti minene ambayo imelipa jina wimbi mojawapo la pale, Cotton Trees.

Chakula kilikuwa kile ambacho msomaji wa huku asingekishangaa: wali, samaki aliyetoka baharini asubuhi, na kisamvu. Waliberia wanakipika kisamvu chao na mawese na pilipili ya kutosha kumtoa mtu machozi. Wali wanaula asubuhi, mchana na jioni, na aliyekula kitu kingine bila wali atakwambia leo sijala.

Na mvua. Monrovia ni kati ya miji mikuu inayopata mvua nyingi kuliko yote duniani, zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Balaa ni kwamba msimu wa mvua ndio msimu wa mawimbi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, dhoruba zinavuma kusini kabisa ya Atlantiki, huko kwenye baridi karibu na Antaktika. Dhoruba zenyewe hazifiki Liberia, ila msukumo wake unasafiri maelfu ya kilomita juu ya maji hadi unapogonga rasi ya Cape Mount. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka wimbi bora anakubali kulala kwenye hema lililolowa. Akija Januari atapata jua zuri na bahari iliyolala.

Lugha nayo ilikuwa darasa. Kiingereza cha Liberia kinameza mwisho wa maneno, na Mmarekani anayedhani Kiingereza ni chake anakaa wiki nzima anaomba arudiwe. Nyuma ya hicho kuna Kivai, lugha ya watu wa Vai, ambao katika miaka ya 1830 mtu wao mmoja, Momolu Duwalu Bukele, alibuni mwandiko wao wenyewe, herufi zisizofanana na za Kirumi wala za Kiarabu. Wengi wanaokwenda Robertsport kwa ajili ya mawimbi hurudi makwao bila kujua hilo, na ni hasara yao.

ALFRED

Sehemu ya filamu ambayo kila mtu anaikumbuka inamhusu kijana mmoja wa Kiliberia. Wageni walikuwa wamekwenda Robertsport wakidhani bahari yote itakuwa yao, wakamkuta Alfred Lomax majini.

Hakuwa na ubao wa kusimama. Alikuwa na ule mfupi wa sponji ngumu, wa kulalia tumbo. Aliupata Monrovia katika vurugu za vita, akiwa bado mtoto, wakati watu walikuwa wanakimbia huku na huko kutafuta chakula na pa kujificha. Mwingine angebeba mchele au redio. Yeye akabeba kitu ambacho hakujua hata matumizi yake vizuri, na alipofika ufukweni akajifundisha.

Hapo ndipo ishu yote ya Robertsport inapoanzia. Mwanafunzi hakumletea Alfred bahari, na hakumfundisha kuipenda. Kilichobadilika baada ya wale wageni ni ubao. Kijana alianza kusimama, na baada ya muda akawa anatajwa kwenye magazeti ya Ulaya na Marekani kama mteleza mawimbi wa kwanza wa Liberia. Wengine wakamfuata, wengi wao wakiwa watoto wa wavuvi, na mashindano ya taifa ya Liberia yakawa yanafanyika palepale Robertsport, majaji wakiwa wamekaa mchangani na kijiji kizima kikishangilia kama ndondo ya mwisho wa wiki.

WIMBI LA MGUU WA KULIA MBELE

Kwa asiyeujua mchezo huu, wimbi la Robertsport linafaa kuelezewa kimpira.

Mawimbi ya ufukwe wa kawaida yanapasuka yote kwa pamoja, puu, na mchezo umeisha. Wimbi la rasi linaanza kuvunjika kwenye ncha ya mwamba, halafu linaendelea kuvunjika taratibu kufuata pwani. Mchezaji anakaa mbele ya ule mvunjiko, sehemu ambayo maji bado ni ukuta laini, na anakimbia nao. Akizubaa, povu linamla. Akiwahi sana mbele, anapoteza nguvu ya wimbi na ubao unasimama. Ni kama straika anayecheza na mstari wa ofsaidi, nusu hatua mbele au nyuma na kazi imeharibika.

Wimbi la pale linakwenda kushoto, ukiwa umetazama nchi kavu. Shabiki aliyesimama ufukweni anaona mchezaji akienda kulia kwake, na mara ya kwanza inachanganya kidogo. Wachezaji wengi duniani husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, na wakienda kushoto wanalipa wimbi mgongo. Wale wachache wanaotanguliza mguu wa kulia, wenyewe wanawaita guufi, wanalitazama usoni. Ni sawa na winga wa mguu wa kushoto aliyepangwa upande wake mwenyewe dhidi ya yule anayelazimika kukata ndani kila mara. Wote wanaweza kufunga, ila mmoja anaiona krosi mapema. Mtoto aliyekulia Robertsport anajifunzia kwenye wimbi la kushoto kila siku ya Mungu, awe guufi au la.

Pointi zinatolewa na majaji, kila wimbi kati ya sifuri na kumi, na alama za mawimbi yako mawili bora zinajumlishwa. Unaweza kuanguka mara nane na bado ukashinda. Mashabiki wa timu zinazopoteza nafasi kila wiki wangeupenda mchezo huu.

KABLA YA KAMERA

Kuna kitu kimoja ambacho hadithi za wageni hukiruka. Wageni wakipiga picha za Mwafrika juu ya ubao, maneno yanayofuata ni "kwa mara ya kwanza". Si kweli.

Mwanahistoria Kevin Dawson, kwenye kitabu chake cha 2018 kuhusu waogeleaji na wapiga makasia wa Afrika, amemrudisha mezani Mjerumani Michael Hemmersam, aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo, miaka ya 1640. Hemmersam aliandika kwamba wazazi walikuwa wanawafunga watoto kwenye mbao na kuwatupa majini. Dawson anasoma maneno hayo kama maelezo ya zamani zaidi yanayojulikana kuhusu kuteleza na mawimbi popote duniani. Meli za Kapteni Cook zilifika Hawaii 1778, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kwenye pwani ya Liberia yenyewe kulikuwa na Wakru. Meli za Ulaya hazikuwa na bandari za kutia nanga, hivyo mizigo ilivushwa kwenye mawimbi kwa mitumbwi, na waliojua kuivusha bila kuipindua walikuwa Wakru. Waliajiriwa na meli kwa sababu hiyo. Siku hizi wavuvi wa Kifanti wenye asili ya Ghana wanafanya jambo lilelile na mitumbwi yao mirefu, wanasubiri, wanahesabu, kisha wanapiga kasia kwa pamoja na kupanda mgongo wa wimbi hadi mchangani. Kocha wa California angelipisha pesa nzuri kufundisha kile.

Filamu maarufu kuliko zote za mchezo huu, The Endless Summer, iliyosambazwa 1966, iliwapitisha Wamarekani wawili Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Mmoja wao, Robert August, alikuwa ndiyo kwanza ametoka sekondari. Kule Ghana vijana wa kijiji cha wavuvi waliingia nao majini na kuzijaribu mbao zao. Filamu ikaondoka, mbao zikaondoka nazo.

WAGENI WAKIONDOKA

Hapo ndipo Robertsport ilipopata bahati kuliko kile kijiji cha Ghana. Baadhi ya mbao zilibaki, na filamu iliwavuta wageni wengine waliokuja nazo. Nyumba za kulala wageni zikafunguliwa, akina mama wakapata wateja wa samaki, vijana wakapata kazi ya kuongoza na kufundisha.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Mpira mmoja wa plastiki unachezewa na watoto 22, na ukipasuka kuna wa makaratasi. Ubao unachezewa na mmoja kwa wakati mmoja. Ukivunjika vipande viwili kwenye mwamba, na inatokea, hakuna duka la kwenda. Mpya unauzwa mamia ya dola katika nchi ambayo ni kati ya maskini zaidi duniani. Kamba ya mguuni ikikatika ni vilevile. Hata nta ya kupaka ubao ili miguu isiteleze hutoka nje. Kila kitu kinachofanya mchezo uendelee kinaingia kwenye begi la mgeni.

Halafu mwaka 2014 ikaja Ebola. Liberia ilipoteza zaidi ya watu 4,800. Mipaka ikafungwa, mashirika ya ndege yakasitisha safari, na begi la mgeni halikuja. Mawimbi ya Aprili hadi Oktoba yalifika kama kawaida. Ligi ya soka ya Liberia nayo ilisimamishwa mwaka huo. Ila mpira una Fifa, una vyama, una klabu zenye madeni na mashabiki wenye hasira. Ulirudi. Mchezo unaotegemea wapita njia unarudi pale wapita njia wanapoamua.

Waliberia wanalijua jambo hili kupitia Weah mwenyewe. Kwa miaka, timu yao ya taifa, Lone Star, ilisafiri na kuvaa jezi kwa pesa kutoka mfukoni mwake. Alikuwa straika, nahodha na kwa kipindi kingine kocha, na bado ndiye aliyelipa. Kwenye kufuzu Kombe la Dunia 2002, Nigeria ilimaliza kundi na pointi 16 na Liberia 15. Pointi moja. Hakuna mpenzi wa soka wa rika fulani kule Monrovia ambaye jeraha hilo limepona. Mwaka 2005 Weah aliingia kwenye siasa, akaongoza raundi ya kwanza ya uchaguzi na kupoteza marudio mbele ya Ellen Johnson Sirleaf. Urais aliupata 2018, akautoa 2024 kwa Joseph Boakai baada ya kushindwa kwenye kura na kukubali bila fujo, jambo ambalo kwa Liberia ni kubwa kuliko bao la Verona.

Lakini Weah alitoka mitaa ya Clara Town akapita Cameroon kwa Tonnerre Yaoundé, kisha Arsène Wenger akamchukua Monaco mwaka 1988. Kulikuwa na ngazi, mbovu lakini ipo. Klabu, skauti, mkataba. Kijana wa Robertsport anayeteleza vizuri kuliko wenzake wote hana ngazi hiyo. Ana wimbi zuri mbele ya nyumba yao, na anasubiri mtu aje na kamera.

Inafaa kusema pia kwamba mwanafunzi hakuondoka mikono mitupu. Alitoka na filamu, na utafiti wa Liberia ukazaa kitabu. Ni kazi za maana, na anayetaka kuelewa vita vya Liberia atafaidika kukisoma kile kitabu. Ila ukipima nani alipata nini kutoka kwenye ule ufukwe, mizani haijalala sawa, na Waliberia hawahitaji kuambiwa.

Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na Bianca Buitendag wa Afrika Kusini akachukua fedha ya wanawake. Ramzi Boukhiam wa Morocco naye alikuwepo, na akarudi tena kwenye Michezo ya Paris 2024. Kufika huko kunapitia mashindano ya dunia, na kwenda mashindano ya dunia kunahitaji chama cha taifa kinachotambulika, tiketi za ndege na angalau mbao tatu nzima kwa kila mchezaji.

Kwa Michezo ya 2028, mawimbi yaliyochaguliwa ni ya Trestles. Yako California, jimbo lilelile iliko Stanford. Mwanafunzi wa Stanford hufika pale kwa gari lake, na wa Robertsport ataanzia foleni ya viza pale Monrovia.